Mkubwa Hushuka, Mdogo Hapandi

Jumatatu, 3 Machi

Meneja amenisifu mbele ya watu wote. Nilipaswa kufurahi. Sasa ni saa ya chakula, nimejificha stoo juu ya robota la foronya.

Alisema ratiba yangu ya zamu ni kazi ya msomi. Eti tangu kiwanda hiki kianze kufua mashuka ya watu haujawahi kupita mwezi mzima bila mtu wa chumba cha boila kuja kulalamikia siku yake ya ofu. Akanipiga bega. Akasema mwisho wa mwezi majaribio yangu yakiisha, ataiangalia barua yangu ya ajira.

Hapo ndipo Mama Pasi, msimamizi wa akina mama wanaopiga pasi, akauliza kwa sauti yake ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto: na Mzee Mvuke, yeye anapumzika siku gani? Watu wakacheka. Walidhani ni utani wake wa kila siku. Meneja naye akacheka.

Nilikwenda ofisini nikafungua ratiba. Safu ya Mzee Mvuke haina ofu hata moja tangu tarehe mbili Februari. Leo ni siku ya thelathini mfululizo.

Na niliiandika mimi. Kwa mkono wangu, kwa rula.

Jumanne, 4 Machi

Nijieleze hapa angalau, maana mbele za watu siwezi.

Chumba cha boila kina watu watano. Watatu wana cheti cha daraja la tatu: wanalisha kuni, wanazoa majivu, wanasoma kioo cha maji na kuandika. Mmoja ana daraja la pili, ni yule dada tunayemwita Kimya. Daraja la kwanza ni Mzee Mvuke peke yake. Bila daraja la kwanza ndani ya jengo, boila haiwashwi. Ndiyo sheria. Na boila isipowashwa hakuna mvuke, na bila mvuke hakuna kufua wala kupiga pasi.

Zamani madaraja ya kwanza walikuwa wawili. Mwenzake Mzee aliondoka mwisho wa Januari. Meneja akasema atatafutwa mwingine, na mimi, mgeni wa wiki chache, nipange na hao waliopo. "Panga kwa akili," alisema.

Nikapanga kwa akili! Kuna kanuni aliyoibandika ukutani: MKUBWA HUSHUKA, MDOGO HAPANDI. Yaani mwenye cheti kikubwa anaweza kufanya kazi ya aliye chini yake, lakini wa chini hakai mahali pa wa juu. Basi nikaitumia. Wa daraja la tatu akipumzika, Kimya anashuka kushika kuni, na Mzee anashika kazi ya Kimya pamoja na yake. Kimya akipumzika, Mzee anafanya zote mbili. Kila mtu akapata ofu yake. Hata siku za ibada nilizikumbuka. Nikajiona bingwa.

Na Mzee akitaka kupumzika, nani atapanda mahali pake? Hapandi mtu. Kwa hiyo hapumziki. Na siku nne katika kila wiki anafanya kazi za watu wawili.

Hesabu haina kosa. Ndicho kinachonichoma. Nilipigiwa makofi kwa kumnyonga mtu kwa uangalifu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshuka chumba cha boila kuomba radhi. Sijawahi kukaa mle zaidi ya dakika moja. Joto la mle linakupiga usoni kama kofi. Kuta zimekuwa rangi ya chai. Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kiti hakipo — na kiti kiliombwa mwaka juzi, nimeiona barua kwenye faili.

Nikamwambia kosa ni langu. Hakukasirika. Alisema alidhani nimeandika hivyo kwa agizo, ndiyo maana hakusema kitu. Hakutaka kumtia matatani mtoto wa watu aliyeanza kazi juzi. Yeye ndiye aliyekuwa ananihurumia mimi! Bora angenitukana.

Nilimuuliza kwa nini Kimya asimshikie hata siku moja, maana naona anajua kazi. Akanionyesha kioo cha maji, kile kibomba cha kioo kilicho ubavuni mwa boila. Kazi ya daraja la tatu, alisema, ni kukisoma. Ya daraja la pili ni kuongeza maji yakipungua. Ya daraja la kwanza ni kujua siku kioo kinapodanganya. Tundu lake linazibwa na kutu, kioo kinaonyesha maji yamejaa, kumbe ndani pakavu na moto unawaka. Asiyejua anafungulia maji baridi juu ya chuma chekundu. "Hapo," alisema, "hutahitaji tena ratiba."

Kisha akaniomba kitu. Kwa taabu, kama mtu anayeng'oa jino. Mke wake anafanyiwa upasuaji wa macho Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Wameingoja nafasi hiyo miezi minane. Mama anaogopa kisu. Amesema asipouona uso wa mumewe kabla hawajamfunga macho, hapandi kitandani. Watoto wote wako mbali. Na wakiipoteza nafasi hii, wanarudi mwisho wa foleni, na jicho la kushoto limeshabaki na mwanga kidogo tu.

Nikasema sawa. Nikapanda ofisini na nikaandika kwenye safu yake, Jumamosi 15: OFU. Kwa wino, si penseli. Nikaona jinsi neno lenyewe lilivyo dogo.

Ijumaa, 7 Machi

Meneja ameiona.

Hakufoka. Alicheka, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikasema — kwa ile sauti yangu ya kuku aliyenyeshewa — kwamba labda Jumamosi hiyo tuzime boila siku moja tu, tufue zaidi Ijumaa. Akasema hoteli hubadilisha mashuka Jumamosi, hospitali haifungi, na yeye hakuniajiri nimfundishe biashara.

Nikauliza kuhusu daraja la kwanza wa pili. Bado anatafutwa, alisema. Anatafutwa na nani? Mimi ndiye karani. Barua zote za nje zinapita mikononi mwangu. Tangu Januari haijatoka hata moja ya kumtafuta mtu!

Sikulisema hilo. Nilisema ndiyo bosi, nimeelewa bosi. Nimetoka nikaenda msalani nikafungulia bomba la maji ili nisisikike, nikapiga ukuta teke. Kidole gumba kimevimba. Huo ndio ushujaa wangu.

Jumapili, 9 Machi

Dada mkubwa ananilisha, dada mkubwa ndiye aliyemlilia jirani yao anayemjua Meneja mpaka nikapata kazi hii. Kwa hiyo dada mkubwa ana haki ya kusema. Akasema, nikiosha vyombo: futa hilo neno, mdogo wangu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Huyo mzee ana miaka thelathini kazini, anajua kujitetea. Wewe una wiki tatu ufike kwenye barua.

Shemeji akaongeza kutoka kwenye kiti chake kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akacheka mwenyewe.

Nimewajibu kwa heshima. Ndani nachemka. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba usiku wa jana nilishawaza hayo hayo yote, kabla hawajasema.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikuwa nimepanga kumwambia Meneja leo kwamba sifuti. Sikumwambia. Alikuwa na wageni.

Jumanne, 11 Machi

Hakuwa na wageni. Sikumwambia.

Lakini nimezungumza na Kimya. Yaani mimi nilizungumza, yeye aliendelea kupaka valvu mafuta. Nilimuuliza kwa nini hajafanya mtihani wa daraja la kwanza, miaka yote hiyo chini ya Mzee. Akajibu bila kugeuka:

"Fomu yangu iko droo ya bosi wako. Tangu Agosti. Inataka sahihi moja."

Bosi wako! Kana kwamba si wetu sote.

Sahihi moja. Kimya angefanya mtihani Oktoba. Mwaka huu tungekuwa na madaraja ya kwanza wawili, hata watatu kabla yule hajaondoka, na Mzee angekaa na mkewe siku anayotaka. Nilimuuliza Meneja anamzuia kwa nini. Hapana — nilitaka kumuuliza. Nilisimama mlangoni mwake na faili mkononi. Mama Pasi amenipita pale mara mbili; ya pili akaniambia mlango huo husukumwa, haufunguki kwa kutazamwa.

Najua jibu hata hivyo. Akipanda cheo atahama kama alivyohama yule mwingine. Akibaki daraja la pili, nani atamchukua? Basi mdogo hapandi. Kwa sababu kuna mtu amekalia ngazi.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Meneja ametuita watatu: mimi, Kimya, na Mbio. Mbio ni mmoja wa wale wa daraja la tatu. Jina lenyewe linatosha — ukitaja kikombe, ameshaleta chai. Si mtu mbaya. Anataka kupendwa, basi.

Meneja amepata dawa, anasema. Mzee aende kwa mkewe, yeye si mnyama. Lakini kwenye kitabu cha boila nitaandika kwamba Mzee yupo zamuni. Kimya atawasha na kuangalia kila kitu. Jumatatu Mzee atatia sahihi. Mkaguzi akija mwezi ujao, kitabu kiko safi. "Ni jina tu," alisema. "Jina halichemshi maji."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nimesoma miaka kumi na sita kuja kutazama viatu.

Kimya akasema: "Mimi siwashi. Ikipasuka, kwenye kitabu kutakuwa na jina la Mzee, na sakafuni kutakuwa na mwili wangu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Meneja akamwambia akikubali atafikiriwa. Kisha Mbio akakohoa, akasema kama ni suala la kuwasha tu, bosi, hata yeye moto anaujua. Kimya akamtazama. Lakini Meneja alikuwa ameshamsikia Mbio, akaitikia kwa kichwa polepole kama anayeweka kitu mfukoni.

Tulipotoka akanirudisha. Basi chagua, karani, alisema. Uandike Mzee yupo, au ufute hiyo ofu aje mwenyewe. Ratiba mpya iwe ubaoni kesho saa kumi. Na akanionyesha barua yangu ya ajira, imeshapigwa chapa, jina langu limeandikwa sawasawa, bado sahihi. Hata yangu inataka sahihi moja! Akairudisha drooni. Sijui kama ni droo ile ile.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya arobaini na moja.

Nimeshuka kuchukua kitabu cha boila, nikamkuta Mzee amesimama, mkono kwenye valvu ya maji, macho amefumba. Nilidhani anasikiliza mashine. Alikuwa amelala. Amelala kwa miguu, kama punda! Kimya alikuwa nyuma yake, ameweka mkono juu ya mkono wake, anafungua na kufunga kwa mkono wa mzee aliyelala. Akanifanyia ishara ya kidole mdomoni. Nikakaa pale. Dakika kumi hivi. Mbio analisha kuni, jasho linamtoka, hatazami upande wetu.

Mzee alipoamka aliona haya. Alisingizia moshi machoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama kesho ipo. Nikasema ipo.

Saa kumi nilipandisha ratiba ubaoni. Ile ile. OFU yake ya wino. Kwenye kitabu cha boila, ukurasa wa kesho, sijaandika jina lolote.

Sina la kujisifu. Sikumwambia Meneja usoni. Nilibandika karatasi, nikachukua mkoba, nikatoka kwa mlango wa mizigo kama mwizi wa sabuni.

Jumamosi, 15 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Meneja. Ameniamuru nikae hapa nisiondoke mpaka aniite. Hayumo ndani, yuko huko chini. Kwa hiyo naandika.

Saa kumi na mbili kamili watu waliingia zamu. Boila baridi. Kimya alisimama mbele yake, mikono amefunga kifuani, akasema daraja la kwanza hayupo, hawashi. Akina mama wa pasi wakakaa juu ya meza zao, miguu inaning'inia. Mama Pasi alisema huu ni mwaka wake wa kumi na moja na ni mara ya kwanza anasikia masikio yake mwenyewe humu ndani. Hospitali imepiga simu mara tatu kuulizia mashuka.

Meneja hakuongea nami. Alimpigia Mzee.

Saa mbili Mzee akafika getini. Kavaa shati lililopigwa pasi, vifungo vyote, mpaka cha shingo. Mkewe amemwacha kwenye benchi la hospitali na mwanamke wasiyemjua. Upasuaji ni saa nne. Alikuwa ameambiwa asipokuja kuwasha asirudi tena, wala asitegemee mafao yake. Miaka thelathini. Nilimwona anavyopumua, alikuwa amekimbia.

Hakumtazama Meneja. Alinitazama mimi.

"Mwanangu, ratiba inasemaje leo?"

Meneja alikuwa nyuma yangu, karibu sana, nilisikia harufu ya dawa yake ya meno. Mlinzi alikuwepo. Mama Pasi alikuwa ametoka mlangoni na wenzake wote. Nilifikiri barua, nikafikiri dada, nikafikiri kurudi kulala kwenye kochi lao bila kitu cha kusema. Na nikawa na hasira — si ya ushujaa, ilikuwa hasira ya mtu aliyechoshwa na woga wake mwenyewe.

"Inasema uko ofu, mzee wangu," nilisema. "Rudi kwa mama."

Sauti ilikatika katikati lakini ilifika. Mzee alisimama kidogo. Akaweka kiganja kichwani pangu, kidogo tu, kama anapima joto. Kisha akageuka, akaenda. Hakukimbia safari hii, lakini alikwenda. Mama Pasi akapiga kigelegele kimoja kifupi, wenzake wakamfinya anyamaze.

Meneja akanishika mkono juu ya kiwiko — bado panauma — akanileta hapa. Alisema nimemaliza kazi, ila nisubiri kwanza, maana atataka niandike maelezo yangu na nitie sahihi. Kisha akashuka. Nilimsikia kwenye ngazi anamwita Mbio.

Saa tatu na robo. Kimya amekuja, amekaa upande wa pili wa benchi. Meneja amemtoa chumba cha boila, eti kama hafanyi kazi asisimame njiani. Nimemuuliza nani amebaki. Wale watatu wa daraja la tatu, amesema. Na bosi. Nimesema hawawezi kuthubutu. Ameinua kichwa, anatazama bomba la mvuke linalopita juu yetu darini.

Saa tatu na dakika arobaini. Bomba linagonga.

Nilidhani ni mtu anapiga nyundo. Kimya amesema hapana, ni mvuke unaingia kwenye bomba baridi, na umefunguliwa kwa pupa. Mzee hufungua robo saa nzima, kidogo kidogo, husikii kitu. Huyu amezungusha valvu yote mara moja.

Linagonga tena. Vumbi linaanguka kwenye ukurasa huu.

Nimemuuliza kioo cha maji nani anakiangalia. Amesema, "Mtu anayejua kusoma." Ameinuka. Anashuka ngazi mbilimbili, nasikia viatu vyake.

Kengele ya hatari iko ukutani, mkono wa kushoto wa mlango wa Meneja. Chini yake imeandikwa kwa rangi nyekundu: atakayeipiga bila ruhusa ya Meneja atashtakiwa. Hatua nne kutoka hapa nilipokaa. Akina mama bado wako mezani, nasikia mmoja anacheka. Zamuni leo wako watu thelathini na wanne. Sihitaji kuhesabu. Niliwapanga mimi, mmoja mmoja. Naweka kalamu, nainuka.